IST, Aqua au Leaf? Gari unaloagiza Tanga lilishaamuliwa na serikali ya watu wengine

Shemeji yangu ni mwalimu wa sekondari. Nyumba iko Pongwe, shule iko mjini, na kwa miaka sita amekuwa akisimama kituoni alfajiri akigombea daladala na wanafunzi wake mwenyewe. Juzi mkopo wake ulipita. Akaja barazani kwetu Ngamiani baada ya magharibi, akaketi, akanionyesha picha tatu kwenye simu: Toyota IST nyeupe, Toyota Aqua ya buluu ya mwaka 2013, na Nissan Leaf ya rangi ya fedha, nayo ya 2013. Zote ziko Japani, na bei zake kabla ya kodi hazikupishana sana.

"Shem, kazi yako kutoa magari bandarini. Hebu nitajie moja nikalale."

Hakulala mapema siku hiyo. Nilimwambia tuanze kwa kuulizana magari haya yalizaliwaje, maana hakuna hata moja lililotengenezwa kwa kumfikiria mtu wa Pongwe. Aqua, yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, ni jibu la kampuni kwa serikali iliyosema: punguzeni mafuta, njia mtajua wenyewe. Leaf, ya betri tupu, ni jibu kwa serikali zilizosema: hatutaki moshi hata kidogo. IST, ya petroli tupu, ni ya kabla kamba haijakazwa sawasawa, na imefika kwetu kwa sababu huko ilikotoka mtu anayeng'ang'ania gari kuukuu anatozwa zaidi. Ukijua nani alimbana nani, unaanza kuona gari litakutendea nini baada ya miaka mitatu, wakati muuzaji keshasahau hata jina lako.

California ilivyobana, Japani ilivyobana

Mwaka 1990 bodi ya hewa ya jimbo la California, ikiwa imechoshwa na ukungu wa moshi uliokuwa ukiifunika Los Angeles, ilizipa kampuni saba kubwa za magari amri ambayo haikuwahi kusikika. Ifikapo 1998, asilimia 2 ya magari mtakayouza hapa yasitoe moshi kabisa. 2001 iwe asilimia 5. 2003 asilimia 10. Wakati ule gari lisilotoa moshi maana yake ilikuwa gari la betri, basi.

General Motors ikatoa gari la EV1 mwaka 1996. Halikuuzwa, lilikodishwa tu, na yote kwa jumla yalikuwa kama 1,100. Huku nyuma kampuni zilikuwa zinalia: betri nzito, wateja hawapo, hasara. Mwaka uleule wa 1996 bodi ikalegeza, ngazi za mwanzo zikafutwa, na miaka michache baadaye GM ikayakusanya magari yake kwa waliokodi ikayaponda karibu yote. Waliokuwa wakiyaendesha waliomba wauziwe, wakakataliwa.

Lakini amri haikufa. Iligeuka mfumo wa alama. Wale waliokulia Upareni na Usambaani wataielewa haraka wakikumbuka msaragambo: kila nyumba itoe mtu wa kulima barabara, asiyetoa alipe. Ila hapa kinachotozwa kinamwendea aliyelima kuliko zamu yake. Kampuni inayouza magari ya umeme kupita kiwango inapata alama za ziada, na iliyopungukiwa inakwenda kuzinunua. Tesla mwaka 2020 ilipokea dola bilioni 1.58 kwa kuuza alama kama hizi, wakati faida yake yote ya mwaka ilikuwa dola milioni 721. Yaani bila fedha za wavivu mwaka ule ungekuwa wa hasara.

Na wavivu walikuwepo. Mwaka 2014 Sergio Marchionne, bosi wa Fiat na Chrysler, alisema hadharani kwamba anaomba watu wasilinunue gari lake la umeme, Fiat 500e, kwa kuwa kila moja likiuzwa linamtia hasara ya dola 14,000. Alilitengeneza kwa sababu alilazimishwa, akauza kiasi cha kuiridhisha sheria. Hapa ndipo mnunuzi wa Tanga anapopaswa kutega sikio. Kuna gari lililotengenezwa liuzwe, na kuna gari lililotengenezwa lionyeshwe kwa mkaguzi. La pili ukilinunua likiwa na miaka kumi, spea utaitafuta mpaka uchoke, maana hata kwao halikuwa mengi.

Leaf haimo katika kundi hilo, na nilimwambia shemeji hivyo waziwazi. Ilianza kuuzwa Desemba 2010, ikaundwa Japani, Marekani na Uingereza, na Septemba 2020 ilitimia gari la laki tano. Milango, breki, taa, betri zilizotolewa kwenye gari lililogongwa, vyote vipo sokoni. Ubovu wa Leaf ni mwingine, tutaufikia.

Japani walikwenda kwa njia ya upole zaidi, na kwa maoni yangu ya ujanja zaidi. Utaratibu wao unaitwa Top Runner, na kwa magari ya abiria ulianza 1999. Serikali inatazama katika kila kundi la uzito ni gari lipi linakula mafuta kidogo kuliko mengine, kisha inasema: huyu ndiye kipimo, nyote mfike hapo mwaka fulani. Haimwambii mtu weka betri wala toa injini. Toyota ilikuwa imeshatoa Prius Desemba 1997, gari lenye injini na mota pamoja, kwa hiyo kipimo hakikuitisha. Aqua ilikuja Desemba 2011 kama mdogo wake Prius, bei nafuu, na Wajapani wakaipokea kwa mikono miwili. Hata mwaka 2021, serikali yao ilipotangaza kwamba ifikapo 2035 magari yote mapya ya abiria yawe ya kutumia umeme, ilihesabu na haibridi, yaani magari ya injini na mota kama Prius, humohumo.

Kuna mbano mwingine wa Japani usiosemwa sana, nao ndio unaoujaza uwanja wa bandari yetu. Huu haumbani mtengenezaji, unambana mwenye gari. Gari la petroli likipita miaka 13 kodi yake ya mwaka inapanda kwa karibu asilimia 15. Juu ya hapo kuna ukaguzi wa lazima, shaken, kila miaka miwili, wenye gharama ya kumfanya mtu apige hesabu mara mbili. Mjapani anaona bora aliuze. Haibridi na gari la umeme havipandishiwi kodi ile. Ndiyo maana IST zinazozunguka Chuda na Makorora ni nyingi kuliko Leaf: zilisukumwa. Leaf inayokuja mara nyingi imekuja kwa sababu betri yake imechoka, na hilo lisikutoke akilini ukiona bei ya chini.

Barabara ya Pongwe, kwa shilingi

Kutoka kwa shemeji hadi shuleni na kurudi ni kama kilomita 30. Siku 22 za kazi ni 660. Ongeza sokoni, msibani, harusini, tukasema 800 kwa mwezi. Petroli EWURA, mamlaka ya nishati na maji, hutangaza bei yake kila mwezi, na Tanga ina bei yake mbali na ya Dar es Salaam. Kwa urahisi wa hesabu tulishika 3,000 kwa lita. Bei ikibadilika, wewe badilisha.

IST kwa mwendo wetu, matuta na foleni ya kuingia mjini, mpe kilomita 12 na nusu kwa lita. Hapo ni lita 64, shilingi 192,000 kwa mwezi.

Aqua mpe 20. Wapo watakaokwambia 35, wanasoma karatasi ya Japani. Lita 40, shilingi 120,000.

Leaf inakula kama uniti 18 kwa kilomita 100, ukijumlisha zinazopotea wakati wa kuchaji. Kilomita 800 ni uniti 144. Kwa mtu aliye kwenye T1, yaani bei ya kawaida ya umeme, shilingi 10,000 inampa uniti 28 hivi, ukiacha kodi ya jengo inayokatwa humo humo, yaani karibu 357 kwa uniti. Jibu: 51,400. Hapo shemeji alitabasamu kama ameokota pochi.

Nikamwuliza, LUKU yako ni D1 au T1?

Alikuwa D1. Nyumba ndogo, taa, friji, televisheni, uniti 60 kwa mwezi, na kila uniti inamgharimu kama 122. Sasa D1 ni ya watu wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Ukizidi, zile za juu zinapigwa bei kubwa kuliko hata ya T1, na ukiwa na tabia ya kuzidi unahamishwa. Gari likiingia uani, nyumba yote inahamia T1 pamoja nalo: uniti 204 mara 357 ni karibu 72,800. Zamani alikuwa akilipa 7,300. Nyongeza ya kweli ni 65,500, wala si 51,400. Pasi, friji na taa nazo zimelipishwa kwa sababu ya gari. Sijaona muuzaji anayemweleza mteja jambo hili.

Pamoja na hayo Leaf bado inamshinda Aqua kwa shilingi 54,500 kila mwezi, na IST kwa 126,500. Haina oili ya kubadilisha, haina plagi, haina mkanda wa injini. Breki zake zinadumu kwa sababu mota yenyewe inasaidia kupunguza mwendo. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yako kati ya Pongwe na Raskazone, ingekuwa mwisho wa mjadala.

Joto

Leaf haina mfumo wa maji wa kupoza betri. Inapoa kwa hewa inayopita tu. Betri ya lithiamu inazeeshwa na joto hata gari likiwa limeegeshwa, na hili si hisia ya mafundi: mwaka 2012 wenye Leaf wa Phoenix, Arizona, walilalamika mpaka kampuni ikaongeza udhamini wa betri kwa ajili ya kupungua uwezo. Betri zilizofuata, hasa za toleo la 2015, ziliboreshwa zivumilie joto, na wapenzi wa gari hilo wakazipa jina la utani la mjusi. Sasa fikiria gari limeegeshwa uwanja wa shule Februari, saa nane mchana, chini ya jua la Tanga lisilo na huruma. Sisi si Phoenix, lakini pia hatuna majira ya baridi ya kuipumzisha betri.

Toyota kwenye Aqua waliweka betri ndogo ya nikeli, haifiki hata uniti moja ya umeme, chini ya kiti cha nyuma, na feni ya kuipuliza. Feni hiyo ina tundu la kuvuta hewa pembeni ya kiti. Likizibwa na vumbi au nywele za paka, betri inachemka na taa inawaka. Nimeona Aqua iliyotangazwa imekufa ikafufuka kwa brashi ya mswaki na nusu saa ya subira. Betri ikifa kweli, inafunguliwa, seli mbovu zinabadilishwa. Injini yake ni ndugu wa damu wa ile ya IST ya 1500, kwa hiyo fundi wa Tanga haanzi darasa la kwanza.

Nirudi kwenye Leaf, nikuonyeshe kitu kimoja kwa karibu, maana kinaweza kukuokoa mamilioni. Kwenye dashibodi upande wa kulia kuna safu mbili za vijiti, zimesimama pamoja. Vinene ni chaji, kama ya simu. Vyembamba vya pembeni ni uzima wa betri, na gari jipya linavyo 12. Kinachopotea kwanza kinaondoka na asilimia 15 hivi ya uwezo. Kila kinachofuata kinaondoka na sita na kitu. Ukiona tisa, betri imebaki na karibu asilimia 70.

Mteja wangu mmoja aliletewa picha ya dashibodi iliyokatwa vizuri sana. Chaji pomoni, vijiti vinene vyote 12 vinang'aa. Tulipoifungua bandarini, vile vyembamba vilikuwa saba. Kompyuta ya gari ilisema kilomita 84, na ilikuwa inajisifu. Muuzaji alipoulizwa akajibu kwamba picha haikudanganya, na kwa kweli haikudanganya, ilinyamaza tu.

Kwa hiyo ukiagiza, dai picha ya dashibodi nzima, gari limewashwa. Bora zaidi, dai wachomeke kile kidude cha OBD, cha kusomea kompyuta ya gari, wasome kwa programu ya simu ya LeafSpy, inakupa asilimia ya uzima wa betri na kama kuna seli inayolegea kuliko wenzake. Na dai picha ya buti, uone waya wa kuchajia umo. Kuna Leaf zinakuja bila waya, ni kama kununua simu ya tundu la kizamani isiyo na chaja.

Soketi iliyoyeyuka

Waya huo wa Japani ni wa volti 200 na unavuta ampea 15 hivi. Soketi zetu ni za 13. Pasi inavuta nyingi pia, lakini pasi ni dakika kumi. Gari ni saa tatu, nne, usiku kucha likiwa tupu. Niliitwa nyumba moja Sahare ambako fundi alikuwa amekata plagi ya Kijapani akafunga ya kwetu na kuchomeka kwenye ekstensheni ya sebuleni. Kulikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua, plagi imegandana na soketi, rangi imekuwa kahawia kama kashata. Mwenye nyumba alidhani gari ndilo bovu.

Dawa yake si ngumu: waya wake peke yake kutoka kwenye mita, wa milimita 6, breka yake ya 20, na ethi ya kweli iliyochimbiwa ardhini. Iweke kwenye bajeti kabla ya kuagiza gari, usingoje lifike. Ukiwa umepanga chumba, zungumza na mwenye nyumba kwanza, tena kwa adabu, kwa sababu LUKU ya pamoja na gari la umeme ni ugomvi uliojileta mwenyewe.

Umeme ukikatika? Hili watu wanaliogopa kuliko inavyostahili. Kwa kilomita 30 kwa siku gari linahitaji uniti tano na nusu, kama saa mbili za kuchaji. Katika saa 24 hukosi mbili.

Korogwe

Kilichomtoa shemeji kwenye Leaf ni mama yake. Anakaa Korogwe, karibu kilomita 100, na shemeji huenda kila wiki ya pili, Jumamosi kwenda na Jumapili kurudi. Leaf ya 2013 ni ya betri ya uniti 24. Ikiwa na vijiti tisa inakwenda kilomita 90 ukiwa na bahati, 75 ukiwasha kiyoyozi. Muheza na kurudi, sawa. Segera ungefika ukitazama kipimo kuliko barabara. Korogwe hufiki, na njiani hakuna pa kuchaji pa uhakika. Utaomba umeme wa mgahawa ukae saa tano ukila chapati. Usiniulize kupanda Lushoto kutoka Mombo.

Leaf ya umbo jipya, iliyotoka mwishoni mwa 2017 na betri ya uniti 40, ni hadithi nyingine. Ikiwa na asilimia 85 ya uzima inakupa kama kilomita 200. Korogwe unafika, unachomeka kwa mama, unarudi kesho yake bila presha. Ila bei yake haikai kwenye mkopo wa shemeji.

Na hapo ndipo serikali za mbali zinaingia tena barazani kwetu. Uingereza, ambao wanaendesha kushoto kama sisi, mwaka 2024 walianza kuzilazimisha kampuni asilimia 22 ya magari mapya yawe ya umeme, kiwango kipande mpaka asilimia 80 mwaka 2030. Faini iliwekwa pauni 15,000 kwa kila gari lililopungua, baadaye ikashushwa kuwa 12,000, na yapo mapengo ya kukwepea, lakini mbano upo. Umoja wa Ulaya wao hupima hewa ya ukaa iliyo kwenye moshi: gramu 95 kwa kilomita ndiyo ilikuwa lengo la 2020 na 2021, na kila gramu iliyozidi ni euro 95, mara kila gari lililouzwa. Kampuni ya magari milioni moja ikizidi gramu tano inadaiwa euro milioni 475. Ukidaiwa fedha kama hiyo, unauza gari la umeme kwa punguzo upende usipende. Yale ya Uingereza yakizeeka kidogo, yenye usukani wa kulia na maandishi ya Kiingereza badala ya Kijapani, mengine yataelekea huku. Anayeweza kusubiri miaka miwili mitatu, asubiri.

China nayo ilichanganya yote: ruzuku ya miaka mingi hadi mwisho wa 2022, alama za lazima tangu 2019, na namba za gari. Shanghai namba ya gari la petroli hununuliwa kwa mnada, Beijing huchezwa bahati nasibu; la umeme liliwekewa mlango wake. Matokeo yake ni kampuni kama BYD, iliyoacha kabisa kutengeneza magari ya petroli tupu mwaka 2022. Betri zake ni za chuma na fosfati, haziogopi joto kama zile za Leaf za mwanzo. Kama ningekuwa na fedha ya gari jipya ningetazama huko kwanza. Ila hakikisha ni toleo la usukani wa kulia lililotengenezwa kuuzwa nje, maana lile la kwao lina usukani wa kushoto na tundu la chaji la Kichina.

Serikali yetu

Sisi hatuna kiwanda cha kukibana. Kilichopo mkononi mwa serikali yetu ni geti la bandari. TRA, mamlaka ya mapato, inatoza kwa thamani, kwa ukubwa wa injini na kwa umri: gari likizidi miaka minane linaongezewa ushuru, likizidi kumi linaongezewa tena. IST karibu zote zimo humo. Aqua na Leaf za 2013 pia. Leaf haina cc hata moja, kwa hiyo usikisie kodi yake kwa kufananisha na gari la jirani. Kikokotoo cha TRA kiko mtandaoni, weka aina na mwaka, soma kabla hujatuma fedha hata senti.

Ethiopia walichukua njia ya mkato. Mwanzoni mwa 2024 walitangaza kwamba magari binafsi ya petroli na dizeli hayaingii tena, umeme tu. Walichoka kutoa dola kununua mafuta wakati wana maji ya kuzalisha umeme. Nilipolisema hilo, mzee mmoja aliyestaafu reli akauliza kwa nini sisi tusifanye hivyo, na Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115, na hapa mkoani kwetu penyewe Hale na Pangani zimekuwa zikizalisha tangu zamani. Swali zuri. Mwingine akamjibu kwamba bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, hapo ng'ambo. Wakaanza kubishana, mimi na shemeji tukasogea pembeni.

Kwa maoni yangu marufuku ya ghafla ingemuumiza mtu kama yeye, ambaye hana geti wala waya wa milimita 6. Lakini na kukaa kimya kuna gharama: tutaendelea kupokea kile ambacho kodi ya Japani imekifukuza.

Basi achukue lipi

IST nilimtoa mapema. Ni ngumu, kila fundi anaijua, spea ziko mpaka vijijini, na ukitaka kuiuza kesho inauzika. Kama angekuwa anakaa ndani kabisa ya Handeni kwenye barabara ya mawe ningemwambia chukua hiyo na usitazame nyuma, maana Aqua iko chini na tumbo lake litachubuka. Ila kwa Pongwe, shilingi 72,000 kila mwezi zaidi ya Aqua ni 864,000 kwa mwaka, mshahara wa mtu.

Tahadhari moja ya pembeni: akiona Nissan Note iliyoandikwa e-Power asidhani amepata Leaf ya bei rahisi. Ile magurudumu yanasukumwa na mota ya umeme, lakini umeme wenyewe unatoka kwenye injini ya petroli iliyomo ndani. Haina pa kuchomeka.

Dada yangu, mke wake, aliyekuwa akisikiliza muda wote huku akimbembeleza mtoto, aliipenda Leaf kwa ukimya wake. Akasema kama betri ni nzima, Korogwe wataendelea kupanda basi la stendi ya Kange, nauli inajulikana. Ni hoja ya haki, na hesabu inaikubali: 54,500 kwa mwezi zinalipa nauli na chenji inabaki. Tukakubaliana shemeji amwandikie muuzaji usiku uleule, aombe picha ya dashibodi nzima na vile vijiti vyembamba vionekane.

Asubuhi jibu lilikuja: picha nne za matairi. Shemeji akanitumia namba ya chesisi ya Aqua.